Mita za Ujazo Thelathini na Tatu

Futi ishirini, shangazi, ndilo dogo lao.
Bi Mwanashee hakuinua uso; bizari ilikuwa ungoni,
sisi wawili dakani, Mkomani, asubuhi ya Alhamisi.
"Futi ni unyayo wa nani?" akauliza.
"Nipimie kwa kitu nikijuacho."

Basi nikanyoosha mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole:
urefu dhiraa kumi na tatu na kitu,
upana tano na vidole,
kimo kinakaribia sita.
Hiyo ni nje. Ndani bati limejikunjakunja, linakula pembeni,
na mlango ni mfupi kuliko dari,
kwa hiyo kabati refu huingia limelala, kama mgonjwa.

Miaka tisa nimekuwa karani wa kutoa mizigo,
haya nayajua kama mtoto ajuavyo alifu be te.
Lipo la futi arubaini, urefu maradufu,
lakini uzito, ah, uzito hauongezeki hivyo:
hubeba tani zile zile, ishirini na kitu, pengine pungufu.
Mwenye saruji namwambia, chukua fupi.
Mwenye magodoro, refu,
tena lile la kichwa juu, lililoongezwa futi moja kwenda mbinguni,
maana godoro ni hewa iliyoshonwa.

Shekuwe hakuniuliza.
Alichagua dogo, mita za ujazo thelathini na tatu,
akaapa kwa barua, kwa simu, kwa kinywa cha kila atokaye Sharja:
nikilijaza, narudi.
Miaka thelathini na mmoja.
Friji likanunuliwa, likafa kabla ya safari.
Sofa akapewa jirani aliyeoa.
Kila kilichoingia ghalani mwake
kilikuta mwenzake yuko mlangoni anatoka.

Walimzika kule kule, Ijumaa,
kabla simu haijatufikia. Kasha ndilo lililokuja.

Lilishushwa Mombasa, likapanda lori,
Malindi, Garsen, Witu, vumbi juu ya chumvi,
likakoma Mokowe. Zaidi ya hapo haliendi:
vichochoro vyetu, punda wawili wakikutana na mizigo,
mmoja hurudi kinyumenyume.

Nikakata lakiri. Mlango ukalia.
Theluthi moja, nyuma kabisa, imefungwa kamba:
cherehani, mazulia mawili,
sahani zilizoviringwa kwa kanzu zake,
kitanda kilichofumuliwa, kila ubao una nambari kwa mwandiko wake,
feni saba. Kwa nini saba, hatujui.
Kisha sakafu. Sakafu tupu ya mbao, ndefu,
na alama za magurudumu ya mizigo ya wengine.

"Na hapa palipo wazi, nani amelipia?"
Kasha hulipiwa zima, shangazi. Hewa nayo ina nauli.
"Hewa kiasi gani?"
Nikapiga hesabu kwenye kiganja. Mita ishirini na mbili.
"Na mtu mzima hula mita ngapi?"
Haifiki moja. Hata awe mnene.

Akavua viatu, kama aingiaye nyumba ya watu,
akatembea mpaka katikati, bati likamjibu kila hatua.
Akageuka, mgongo kwenye mazulia, uso kwenye mwanga.
"Hapa," akasema, "angetosha."

Mashua ilivusha, punda wanne wa Lali wakabeba,
safari kumi na tisa toka gatini hadi mlangoni,
na kitanda kilisimama tena siku ile ile
kwa kufuata nambari.

Kasha halingoji matanga: siku saba, kisha faini.
Siku ya nne nikalirudisha.
Mlangoni pameandikwa uzito wake lenyewe,
kilo elfu mbili mia mbili na thelathini.
Fomu inauliza: limerudi na nini?
Nikaandika: tupu.

Feni moja nilipewa mimi.
Ina kelele, lakini inafanya kazi.